Maneno ya Bluu: Hotuba kuhusu Kuchagua Maneno ya Linki

Hii ndo hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa watu wanaoandika na kuendesha tovuti. Wengi hamkuweza kufika na mmeniomba sana, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoiongea. Picha za kwenye skrini nimeziacha, maneno yanatosha.

Ndugu zangu, wenzangu wa kazi, habari zenu. Asanteni kwa kukaa mpaka saa hizi, najua mmechoka, na najua mada yangu kwenye ratiba inaonekana ndogo kuliko zote. Maneno ya linki! Yale maneno mawili matatu ya bluu yaliyopigiwa mstari. Nani anakuja mkutanoni kusikiliza habari ya maneno matatu?

Basi niwaulize. Linki ya mwisho uliyoiweka kwenye ukurasa wako, uliandika maneno gani? Sikuulizi ilikuwa inaenda wapi, nakuuliza maneno, yale ambayo mgeni anayaona kabla hajabofya. Nani anakumbuka? Naona mikono miwili, mitatu. Ukumbi mzima, mikono mitatu. Na hapa tumekaa watu ambao tunaweza kubishana wiki nzima kuhusu kichwa cha habari, tunabadilisha rangi ya kitufe mara kumi, lakini maneno ya linki tunayaandika kama mtu anayefunga mlango bila kugeuka. Au mbaya zaidi, tunayachukua kwenye listi ya maneno ya kutafutia tuliyopewa na programu fulani, tunakopi, tunapesti, tunasonga mbele.

Leo nina jambo moja tu ninalotaka mlibebe. Maneno ya linki yanatakiwa yatofautiane kwa sababu watu wanaongea tofauti. Sio kwa sababu tunataka kumficha Google tunachofanya. Ni kwa sababu watu wanaongea tofauti! Ukilielewa hilo, kazi yote ya kuchagua maneno inabadilika, na nitawaonyesha kwa nini nalisema kwa uhakika hivi.

Tuanze mwanzo. Kwenye HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, linki inaandikwa kwa herufi a, na hiyo a ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya nanga. Mi hilo jina nalipenda sana. Nanga inashika mahali, haielei elei. Sasa mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado Chuo Kikuu cha Stanford, waliandika karatasi ya kueleza mtambo wao wa kutafuta, Google, unavyofanya kazi, na ndani yake kuna sehemu nzima inayohusu maneno ya linki. Walisema mitambo mingi ya wakati ule ilikuwa ikikuta linki inayahesabu maneno yake kuwa mali ya ukurasa ambao linki imekaa. Wao wakaongeza kitu, wakayahesabu pia kuwa ni mali ya ukurasa unaoelekezewa. Mmeona? Mimi nikikuelekezea wewe linki na nikaandika "mazoezi ya shingo", hayo maneno Google anakuandikia wewe, sio mimi tu.

Na kwa nini walifanya hivyo? Waliandika kwamba mara nyingi maneno ya linki yanaueleza ukurasa vizuri kuliko ukurasa unavyojieleza wenyewe. Na kweli, ebu fikirieni, mtu akijieleza mwenyewe atasema yeye ni mtaalamu aliyebobea mwenye uzoefu mkubwa, lakini jirani akikuelekeza kwake atasema "ni yule anayetengeneza saa", basi, umeelewa. Wazo lenyewe hawakulianzisha wao, lilikuwepo tayari kwenye mtambo mwingine wa mwaka 1994, na wenyewe walisema hivyo. Ila wao walilifanya kwa ukubwa, kurasa milioni 24, na ndani yake maneno ya linki zaidi ya milioni 259. Milioni 259, mwaka 1998! Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kabisa hivi vijineno tunavyoviandika bila kugeuka vilikuwa katikati ya mashine.

Sasa kitu chenye nguvu namna hiyo watu wataachaje kukichezea?

Mwaka 2003 watu walikubaliana kwenye intaneti wakaanza kuweka linki kwenda ukurasa wa wasifu wa Rais George W. Bush, kwenye tovuti ya Ikulu ya Marekani, na maneno ya linki yalikuwa mawili tu ya Kiingereza yenye maana ya mtu aliyeshindwa vibaya kabisa. Wasifu wenyewe haukuwa na hayo maneno. Lakini ukiyatafuta Google, wa kwanza ni wasifu wa rais. Yaani wageni waliuandikia ukurasa jina, na jina likashika, na mwenye ukurasa hakuwa na la kufanya. Ilichukua mpaka Januari 2007 Google ndo wakatangaza kwamba wamebadilisha algoriti yao, yaani kanuni za kupanga matokeo, ili michezo ya namna hiyo isipite kirahisi. Miaka mitatu na zaidi! Mi huwa narudi kwenye kisa hiki kila mtu akiniambia maneno ya linki ni urembo tu, kwa sababu kinaonyesha kitu kikiwa uchi kabisa, hamna makala nzuri, hamna picha, hamna kasi ya tovuti, ni maneno mawili na watu wengi wanaoyarudia.

Na hapo kwenye kurudia ndo tunaingia kwenye jambo la pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu panauma.

Wafanyabiashara walipoona nguvu ya kurudia, wakasema kumbe! Kama watu wa masihara wameweza, sisi tutashindwaje? Ikazaliwa biashara nzima. Unachagua neno unalolitaka, neno kamili, hubadilishi hata herufi, unalipia tovuti mia, mia mbili, kila moja iweke linki yenye neno hilo hilo. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu duka kubwa la Marekani, JCPenney, ambalo kwa miezi lilikuwa linatokea wa kwanza Google kwa maneno mapana kabisa, magauni, matandiko, mazulia. Mtaalamu aliyeulizwa na gazeti akakuta kurasa 2,015 zenye linki za maneno ya namna hiyo kwenda kwao, na tovuti nyingi kati ya hizo hazikuwa na uhusiano wowote na nguo wala matandiko. Kampuni ilisema haikuidhinisha, ikaachana na washauri wake. Google wakaingiza mkono wenyewe. Kwa maneno ya kutafutia begi la safari la chapa fulani duka lilikuwa namba 1 saa moja jioni, baada ya masaa mawili likawa namba 71. Masaa mawili jamani!

Ile ilikuwa adhabu ya mkono, mtu anakaa anabonyeza. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2012, wakaiachia mashine yenyewe, ile wanayoiita Penguin, inayozishusha tovuti zenye linki za hila. Google walisema inagusa kama asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Ukisikia asilimia tatu unaona kidogo, lakini kama na wewe umo kwenye hiyo tatu, kwako ni mia kwa mia.

Mimi nilikuwemo. Nilikuwa naangalia tovuti moja inayohusu maumivu ya mgongo, mwenye tovuti ni mtaalamu wa kunyoosha viungo, mtu mwaminifu, makala zake nzuri, picha za mazoezi kapiga mwenyewe nyumbani kwake. Wageni wachache. Nikakutana na wakala mmoja, akaniambia ana kifurushi cha linki, anachohitaji ni neno moja tu. Neno moja. Nikampa "maumivu ya mgongo". Akaenda akaliweka kwenye tovuti mia na kitu, na kote ni hivyo hivyo, maumivu ya mgongo, maumivu ya mgongo, maumivu ya mgongo, kwenye tovuti ya magari, kwenye tovuti ya michezo ya kompyuta, chini kabisa ya ukurasa wa mtu anayeuza mapazia. Na tulipanda! Siwezi kusema uongo, tulipanda, na nilifurahi, na yule mtaalamu alifurahi, alinipigia simu usiku kuniambia kapata barua pepe nne siku moja.

Halafu ikaja Aprili. Asubuhi moja grafu ya wageni imeshuka kama imekatwa na kisu. Mara ya kwanza nilidhani kile kikodi cha kuhesabu wageni kimetoka kwenye ukurasa, nikaenda kuangalia, kipo. Nikalitafuta neno letu kwenye Google, ukurasa wa kwanza hatupo, wa pili hatupo, wa tano hatupo. Nilikaa na simu mkononi sijui nimwambie nini yule mtu ambaye hakuniambia ninunue linki hata moja, mimi ndiye niliyemwambia tutafanya hivi.

Nikaanza kuwaandikia wenye tovuti mmoja mmoja, tafadhali toa hii linki. Wengine walijibu, wengine kimya, wengine walitaka walipwe ili watoe. Oktoba mwaka huo Google wakaleta ile zana ya kuzikataa linki, unawapa faili lenye orodha, unawaambia hizi msizihesabu. Nikapeleka orodha, halafu nikasubiri, kwa sababu Penguin ya zamani ilikuwa haipiti kila siku, inapita ikijisikia. Kuna wakati ilipita Oktoba 2014 na haikuonekana tena mpaka Septemba 2016, karibu miaka miwili watu wamesafisha kila kitu na wamekaa gizani wanasubiri ipite! Toleo la Septemba 2016 ndo lilibadilisha mambo, ikawa inafanya kazi muda wote, na linki mbovu ikizikuta mara nyingi inazipuuza tu badala ya kuizamisha tovuti nzima.

Sasa sikilizeni, hapa ndo watu wengi walijifunza somo ambalo sio. Baada ya Penguin wataalamu wakaanza kugawa majedwali. Weka asilimia kadhaa neno kamili, asilimia kadhaa neno nusu, asilimia kadhaa jina la chapa yako, asilimia kadhaa anwani tupu ya tovuti, zilizobaki weka "bofya hapa". Mmeyaona hayo majedwali? Yapo mpaka leo. Na kila mkutano kuna mtu ananiuliza asilimia sahihi ni ngapi. Google hawajawahi kutoa asilimia. Hamna. Na hata wangetoa, kuna tofauti gani kati ya mtu anayerudia neno moja mara mia na mtu anayepanga maneno mia kwa kikokotoo ili yaonekane hayajapangwa? Wote wawili hawajamfikiria anayesoma. Wanamuwaza mlinzi wa getini tu.

Haya, kama sio majedwali, hayo maneno tofauti tunayatoa wapi?

Tunayatoa kwa watu. Nirudi kwenye ule ukurasa wa mgongo, kwa sababu ndo shule yangu. Siku moja nilifungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ile ripoti inayoonyesha watu waliandika nini kabla hawajafika kwako, inaweza kukurudisha nyuma miezi 16, na nikakaa nayo na daftari, sio Excel, daftari. Nikaandika kila namna watu walivyouliza. "Maumivu ya mgongo" lilikuwepo ndio. Lakini kulikuwa na "mgongo unauma nikikaa". Kulikuwa na "naumwa mgongo asubuhi". "Mgongo wa chini kuuma". "Nini husababisha mgongo kuuma". "Kiuno kinauma nikiinama". "Mgongo unauma upande mmoja". Unasoma unasikia mtu kabisa! Huyu wa kwanza anakaa sana kwenye kiti. Huyu wa pili labda godoro lake lina tatizo. Yule wa kiuno huenda hata hajui kwamba makala ya mgongo inamhusu.

Na hapo ndo nikagundua kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote, kwamba hayo sio maneno mbadala ya kitu kimoja. Ni maswali tofauti. Mengine yanafaa kuelekezwa kwenye ukurasa ule ule, mengine yanahitaji ukurasa wake. Wa "nikikaa" nilimpeleka kwenye makala ya namna ya kukaa, wa "asubuhi" kwenye makala ya kulala, na maneno yenyewe ya linki nikayachukua karibu kama walivyoyasema wao. Kwenye sentensi nikaandika: kama maumivu yanakuja ukiamka tu na yanaisha ukishatembea kidogo, soma kwa nini mgongo unauma asubuhi. Linki ni hayo maneno ya mwisho. Yanasomeka, yanakaa ndani ya sentensi kama yamezaliwa humo, na mtu anajua anakoenda.

Linganisheni na hii, niliikuta kwenye tovuti ya watu, siwataji: "Kama wewe ni mtu wa kukaa sana ofisini basi maumivu ya mgongo dawa ni jambo la kuzingatia." Maumivu ya mgongo dawa! Nani anaongea hivyo? Mtu anaandika hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia kwa sababu ana haraka na anaumwa, ni haki yake. Lakini wewe unayemjibu huna haki ya kuongea kama kisanduku. Kiswahili kinakupa njia kibao za kulifungua hilo, dawa za maumivu ya mgongo, kutuliza mgongo kwa dawa, mgongo unapouma unywe dawa gani. Lugha yetu neno linavaa viambishi, linauma, yanauma, kuumwa, maumivu, kwa hiyo ukiandika kawaida tu, ukifuata sentensi inavyotaka, maneno yatatofautiana yenyewe bila jedwali. Na mitambo ya leo inajitahidi kuelewa sentensi nzima na sio neno moja moja, Google walileta BERT, mfumo wa kuelewa lugha, mwaka 2019 kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo sababu ya kuvunja sarufi ili neno likae kamili hamna tena. Na makosa ya tahajia watu wanayoandika msiyaweke kwenye linki, nimeona mtu anafanya hivyo makusudi, mtambo unajua kusahihisha.

Lakini sasa tahadhari, na hii naisema kwa mkazo kwa sababu iliwahi kunifikia karibu sana. Programu za kupendekeza maneno hazijui unachomaanisha. Niliiambia moja inipe maneno yanayofanana na mgongo, ikanipa "uti wa mgongo". Sawa, uti wa mgongo upo mgongoni, nani atakataa? Nikataka kuutumia. Kisha nikaandika hilo neno mwenyewe kwenye Google nione watu wanapata nini, na matokeo mengi yanazungumzia homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa ambao mtu anatakiwa awahi hospitali! Na mimi nilikuwa nakaribia kumchukua mtu mwenye wasiwasi wa homa nimpeleke kwenye mazoezi ya kujinyoosha. Kwa hiyo kila neno, kabla hujalifanya linki, litafute mwenyewe, uone dunia inalielewaje. Inachukua dakika moja. Dakika moja tu.

Vilevile "dawa ya mgongo" na "mazoezi ya mgongo". Kwenye listi yanakaa jirani, yanafanana kabisa, na wapo wanaoyabadilishana wakielekeza ukurasa mmoja. Aliyebofya dawa akakuta picha za mtu kalala chali mguu juu, atarudi alikotoka, na ana haki. Maneno ya linki ni ahadi ndugu zangu. Ukiniambia dawa nipe dawa.

Na neno kama "kiungo" je? Mwingine anaelewa linki, mwingine goti, mwingine mchezaji wa katikati ya uwanja. Hapo kinachokuokoa ni maneno yanayolizunguka, ndo maana Google wenyewe kwenye maelekezo yao wanasema sentensi yote inayobeba linki ina maana, na wanasema msizipange linki nyingi zikagusana bila neno katikati, msomaji hajui hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi. Tarakilishi na kompyuta hali kadhalika, moja utaikuta kwenye kamusi na darasani, nyingine ndo watu wanaandika. Mi ningetumia ile watu wanayoandika, na ile ya kamusi ningeiweka ndani ya makala mara moja ili anayeitafuta naye apate.

Jambo la mwisho kubwa nililokuja nalo halina uhusiano na kupanda Google, au tuseme unao lakini sijali.

Nina mwenzangu wa kazi ambaye haoni. Anatumia NVDA, programu ya kumsomea skrini kwa sauti. Siku moja nilimuomba aipitie tovuti ile ile ya mgongo aniambie ikoje. Hakuanza kusoma makala. Alibonyeza Insert na F7, likafunguka dirisha lenye orodha ya linki zote za ukurasa, linki peke yake, sentensi hazipo, na akaanza kushuka na mshale. Ile sauti ikasema: soma zaidi. Akashuka. Soma zaidi. Akashuka. Soma zaidi. Hapa. Hapa. Bofya hapa. Soma zaidi. Alishuka mara kumi na kitu, akatoa mkono kwenye kibodi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa niende wapi?"

Niende wapi! Mimi ambaye nilikuwa nimeshajifunza kuhusu Penguin, nimeshajaza daftari, nilikuwa nimeacha ukurasa wa mbele una linki zote zinazosema kitu kimoja. Maana template, ule muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari, ilikuja hivyo, na mimi nilikuwa naona picha na vichwa vya habari juu yake, naelewa. Yeye alikuwa na hayo maneno ya bluu tu, bila bluu.

Na hili sio la kuhurumiana, lipo kwenye miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zifikike, WCAG, toleo la mwaka 2008 tayari lilisema lengo la linki lieleweke kutokana na maneno yake au yanayoizunguka, na wameliweka kwenye daraja la chini kabisa, yaani ni kitu cha kuanzia. Sasa angalieni inavyokutana. Ukiandika maneno ambayo yule bwana akiyasikia peke yake anajua aende wapi, umeandika pia maneno ambayo Google akiyachukua peke yake anajua ukurasa unahusu nini. Google nao wanashauri jaribio hilo hilo, soma maneno ya linki pekee yake, yanaeleweka? Na kama linki yako ni picha, yale maelezo ya picha unayoyaandika kwenye kodi ndo yanakuwa maneno ya linki, kwa hiyo ukiyaacha matupu umeweka mlango usio na jina.

Naona muda, niseme haraka haraka kuhusu linki za ndani na za nje. Za ndani, kutoka ukurasa wako kwenda ukurasa wako mwingine, ni zako, uwe huru, kurudia jina halisi la ukurasa sio dhambi. Kinachosumbua ni kinyume chake, maneno yale yale kuelekeza kurasa mbili tofauti, hapo unamchanganya kila mtu. Za nje, mtu akikutaja kwa hiari yake muache aandike anavyotaka, hata akiandika jina lako tu, hata akiweka anwani tupu, ndo uhalisia huo. Ukimpigia simu kumpangia maneno ushaanza kurudi nilikotoka mimi. Ukilipia, linki iwekewe alama, "nofollow", ya kumuomba Google asiihesabu, ipo tangu Januari 2005, na tangu 2019 ipo "sponsored" maalum kwa za kulipiwa. Na wanaosambaza makala za kuandika kama mgeni kwenye tovuti za wengine, au taarifa kwa vyombo vya habari, zilizojaa maneno ya linki yaliyopangwa, Google wamezitaja waziwazi kwenye sera yao ya spamu.

Kuna dada pale mbele aliuliza wakati wa mapumziko, ana makala mia tatu, abadilishe linki zote kwa mpigo? Dada yangu, hapana, utachoka ukiwa makala ya ishirini na zitakazobaki utazilipua. Fungua Search Console, kuna ripoti ya linki, ndani yake utaona maneno ambayo wa nje wanakuelekezea na kurasa zako zinazoelekezewa zaidi ndani. Anza na kurasa kumi zinazotembelewa sana. Kila linki humo isome kwa sauti bila sentensi yake. Isiyojitosheleza iandike upya, ukiwa na lile daftari la maneno ya watu pembeni yako. Kesho kumi nyingine.

Mi ile ya mgongo ilinichukua kama wiki tatu, jioni jioni. Nilipomaliza nilimrudishia yule mwenzangu kompyuta, sikumwambia chochote. Insert, F7, mshale. Namna ya kukaa bila kuumiza mgongo. Kwa nini mgongo unauma asubuhi. Mazoezi matano ya kiuno. Shingo imekakamaa baada ya kulala vibaya. Hapo mshale ukasimama. Akageuza shingo kidogo upande wa kushoto, akaishika, akabonyeza Enter.

Asanteni sana.